Nani Anakujua, na kwa Hati Gani?

Maudhui yetu ya leo ni kitu ambacho kila mmoja wetu hukibeba mfukoni au mkobani bila kukitia maanani mpaka siku kitakapokosekana, nacho ni hati ya utambulisho. Yaani ile kadi, au karatasi, au kijitabu, ambacho mtu akikitoa mbele ya karani huaminiwa papo hapo kuwa ndiye, na asipokitoa, hata kama alizaliwa Pumwani, akasoma Pumwani, akaoa na kuota mvi pale pale Pumwani, huambiwa kwamba hajulikani.

Mwulize wakili ni hati zipi zinazokubaliwa katika shughuli rasmi za nchi hii, naye atakuletea orodha, tena orodha ndefu, kwa maana kila sheria ina yake. Mwulize karani wa dirishani, atakujibu kwa neno moja: kitambulisho. Rai yangu ni kwamba taabu nyingi za raia wa mitaa yetu ya Eastlands, hapa Nairobi, zimo ndani ya nafasi iliyopo baina ya orodha ya wakili na lile neno la karani, na ndani ya jambo jingine lililofichika zaidi, ambalo nitalifikia baada ya kitambo kidogo.

Sheria ya Uchaguzi ya mwaka wa 2011 haina mzaha: mwenye kutaka kujiandikisha kuwa mpiga kura, na kadhalika mwenye kutaka kupiga kura siku yenyewe, sharti atoe kitambulisho cha taifa au pasipoti ya Kenya, wala hapana cha tatu. Sheria ya kuzuia utakasaji wa fedha haramu, ya mwaka wa 2009, ambayo ndiyo inayowaamuru wenye mabenki wamjue mteja wao ni nani, ina moyo mkunjufu zaidi, kwani inataja cheti cha kuzaliwa, na kitambulisho, na leseni ya udereva, na pasipoti, kisha ikaacha mlango wazi kwa hati nyingine rasmi. Kanuni za kusajili laini za simu, za mwaka wa 2015, nazo zilikuwa na hesabu yake, na ndani yake mlikuwa na nafasi ya askari wa jeshi kwa kadi yake ya kazi na ya mgeni kwa kadi yake ya ugeni. Tangu mwaka wa 2014 Mkenya aweza kuvuka Busia au Malaba akaingia Uganda, na hata akafika Rwanda, kwa kitambulisho tu, ilhali kwenda Arusha, ambako kutoka hapa Nairobi ni karibu zaidi, hutakiwa pasipoti au kibali cha muda.

Kwa hiyo katika maandiko mambo si mabaya. Lakini mshike mkono kijana wa Kayole aliyepotelewa na kitambulisho, mwenye leseni ya udereva mkononi, tuingie naye katika benki yoyote ile. Leseni yake ni kadi ngumu yenye picha yake, na jina lake, na namba ya kitambulisho chake, nayo imetolewa na dola ile ile iliyotoa kitambulisho. Binti wa dirishani ataipokea kwa adabu, ataigeuza huku na huku, kisha atairudisha chini ya kioo.

"Kitambulisho, tafadhali."

"Kimepotea, dadangu. Ndiyo maana nimekuja na hiyo leseni, na hii abstrakti ya polisi."

"Pole sana. Bila kitambulisho sitaweza kukuhudumia."

Akimwonyesha kwamba namba inayotakiwa imeandikwa pale pale juu ya leseni, na kwamba mashine yake yaweza kuilinganisha namba hiyo na daftari la serikali kwa muda wa kupepesa jicho, ataambiwa kwamba mkaguzi akija atataka kuiona nakala ya kitambulisho katika faili, na faili isiyo na nakala hiyo ina balaa lake. Hapana uovu kwa binti huyu. Yeye anailinda kazi yake. Sheria ilifungua milango minne, desturi ya ofisi ikafunga mitatu, na raia, kwa kuwa hajui kwamba ile mitatu ilikuwa wazi, hashitaki wala hanung'uniki, bali huinua mfuko wake akaenda zake.

Na hali ya yule asiye na leseni ni dhaifu zaidi, maana yeye mkononi ana kile kikaratasi cha kungojea tu, kinachotolewa na ofisi ya usajili siku alipopigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kikaratasi hicho chathibitisha kwamba ameomba. Hakithibitishi kwamba amepata. Hakimfungulii laini ya simu, hakimtolei fedha kwa wakala wa M-Pesa, wala hakimwandikishi kupiga kura. Nao vijana hukikunja mara nne wakakitia nyuma ya kifuniko cha simu, kikachakaa pale kwenye mikunjo mpaka namba yenyewe haisomeki, wakaja kurudi ofisini kuulizwa namba ile ile iliyofutika.

Sasa nilifikie lile jambo nililosema limefichika. Wanazuoni wa hadithi katika dini ya Kiislamu, kabla ya kuyakubali maneno yaliyonasibishwa na Mtume, walikuwa hawayatazami maneno peke yake, bali waliitazama isnadi, yaani silsila ya wapokezi, fulani akipokea kwa fulani na fulani kwa fulani, mpaka kwa yule wa kwanza aliyesikia kwa sikio lake. Na kiungo kimoja kikiwa hafifu, hadithi nzima ilihesabiwa kuwa hafifu. Kitambulisho chetu nacho kina isnadi. Kadi uliyonayo ilitolewa kwa sababu ulipeleka cheti cha kuzaliwa, au cha kumaliza shule, pamoja na nakala za vitambulisho vya wazazi, na fomu iliyogongwa muhuri wa chifu. Cheti cha kuzaliwa kilitolewa kwa sababu ya taarifa iliyoandikwa hospitalini ulipozaliwa, au, ikiwa ulizaliwa nyumbani, iliyoandikwa na naibu wa chifu kwa kuambiwa na mama yako. Muhuri wa chifu uligongwa kwa sababu mzee wa mtaa alisema, "Huyu namjua, ni mtoto wa fulani." Vitambulisho vya wazazi vilipatikana kwa njia hiyo hiyo, na vya wazazi wao kadhalika, mpaka, ukiifuata silsila hiyo kwenda nyuma, umfikie mtu aliyesimama mbele ya afisa bila karatasi yoyote, akaaminiwa kwa kinywa chake mwenyewe au kwa kinywa cha jirani yake.

Haya hayapatikani Kenya pekee. Unguja na Pemba, mtu hapati kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi minghairi ya sheha wa shehia yake kumkubali, na mambo ya masheha yameleta ugomvi mwingi katika chaguzi za visiwani, kwa kuwa kitambulisho hicho ndicho mlango wa daftari la wapiga kura. Sheha na chifu, kila mmoja kwa upande wake, ni ulimi wa dola katika mtaa. Nalo daftari la serikali, ijapokuwa leo limetiwa ndani ya mashine za thamani kubwa, msingi wake ungali ni ulimi huo.

Ushahidi wa kinywa si jambo la aibu, na mimi si katika wale wanaoudharau. Kijijini unatosha, maana mzee wa kijiji alikuwapo harusini kwa baba yako. Lakini tazama mambo yalivyo kwetu. Mpangaji wa Huruma huhamia Kariobangi kodi ikipanda, akatoka Kariobangi kwenda Dandora mke akijifungua, na kutoka Dandora kwenda Kayole au Njiru akipata kibarua upande ule. Mwenye nyumba aishi mbali, naye apokea kodi kwa simu. Na yule mzee wa nyumba kumi, ambaye kwa jina la kazi yake angepaswa kuzijua nyumba kumi tu, ana maghorofa sita sita yenye vyumba visivyohesabika, na wapangaji wa mwaka huu si wa mwaka jana. Kijana wa namna hii akienda kuomba barua ya chifu, huulizwa, "Nani anakujua hapa?" Na jawabu la haki ni kwamba wanaomjua ni wengi, lakini wametawanyika mitaa minne, na hapana hata mmoja wao anayejulikana na mzee aliyeketi pale mezani.

Ndipo huambiwa aende kwao. Chukua kile kitambulisho cha zamani, cha namna iliyoanza kutolewa mwaka wa 1995, ukigeuze usome mgongoni mwake: utakuta alama ya kidole, na pamoja nayo wilaya, tarafa, kata na kata ndogo. Maelfu ya watoto wa Eastlands, waliozaliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, ambayo imekuwa ikipokea watoto wa mji huu tangu mwaka wa 1926, wana kadi zilizotaja kata ndogo ya Siaya, au ya Vihiga, au ya Machakos, mahali ambapo wengine wao wamekanyaga kwa ajili ya mazishi tu. Si kwamba karani alikosea. Dola yetu ilijengwa juu ya dhana kwamba kila Mwafrika ana kijiji chake, na kwamba mjini ni mahali pa kazi na si mahali pa kutoka, na dhana hiyo haikuzaliwa pamoja na uhuru.

Ilizaliwa pamoja na kipande. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa mwaka wa 1915, na ilipokwisha Vita Kuu ya Kwanza, mnamo 1919 na 1920, ikaanza kutekelezwa: kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alipigwa alama za vidole, akapewa karatasi yenye jina lake na kabila lake, na majina ya waliomwajiri, na mshahara wake, nayo hutiwa ndani ya kijikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba, Wakikuyu wakakiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Mwajiri asipotia sahihi yake kwamba amemwachilia, mtu huyo hakupata kazi pengine, na akionekana njiani alikamatwa kwa kutoroka. Hati ile haikukusudiwa kumtambulisha mwenye kuivaa ili apate haki yake. Ilikusudiwa kumtambulisha ili arudishwe kwa bwana wake. Mwanasiasa Harry Thuku alipoipinga, pamoja na kodi na kazi za shuruti, alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi hapa Nairobi kudai aachiliwe ulimiminiwa risasi, wakafa watu wasiopungua 21, miongoni mwao Muthoni Nyanjiru, mwanamke ambaye kwa sheria ile yeye mwenyewe hakuwa na kipande shingoni.

Kipande cha namna ile kiliondolewa kwa sheria ya mwaka wa 1947, iliyosema watu wa rangi zote waandikishwe sawasawa, na Wazungu wa Kenya wakapiga makelele makubwa kwamba wao nao watachovya vidole katika wino kama wahalifu. Makelele hayo, kwa masikio ya mtu aliyevaa kijikopo miaka ishirini na saba, yalikuwa na ladha yake. Na hapa nawaombeni mnivumilie niseme neno moja la Uingereza. Waingereza walikuwa na vitambulisho vyao wakati wa Vita Kuu ya Pili, navyo viliendelea baada ya vita, mpaka mwananchi mmoja wa London, Clarence Willcock, aliposimamishwa barabarani na polisi mwezi wa Desemba 1950, akakataa katakata kutoa kadi yake. Kesi ikafika mbele ya Lord Goddard, jaji mkuu, ambaye, ijapokuwa alimwona Willcock ana hatia, alisema kwa ukali kwamba kudai kadi kila mara kwawafanya raia wema waichukie sheria. Mwezi wa Februari 1952 serikali ya Churchill ikavifuta vitambulisho katika Uingereza nzima. Mwezi wa Oktoba, mwaka ule ule wa 1952, serikali ile ile ya Churchill ikatangaza hali ya hatari katika Kenya.

Yaliyofuata, wazee wa mitaa hii hawahitaji kuhadithiwa. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, askari na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji katika ile operesheni iliyoitwa Anvil, na mitaa ya Waafrika ya upande huu wa mashariki ikafungwa mmoja baada ya mwingine, nyumba kwa nyumba. Watu walitolewa nje na mizigo yao wakaketishwa chini. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa na wengine kwa kutazamwa hati zao. Na katika michujo ya miaka ile mtu aliweza kupitishwa mbele ya mshitaki aliyefunikwa gunia kichwa kizima, lenye matundu mawili ya macho, ambaye kwa kutikisa kichwa tu aliamua nani aende kambi za kizuizi za Manyani au Mackinnon Road na nani arudi chumbani kwake. Taamuleni hapo, wasikilizaji. Karatasi zilikuwapo, mihuri ilikuwapo, vidole vilikuwa vimekwisha kupigwa wino, walakini hukumu ya mwisho ilitoka kwa kinywa cha mtu asiyeonekana uso wake, na aliyehukumiwa hakuwa na njia ya kumwuliza, "Wewe wanijuaje?"

Uhuru ulikuja, na daftari likabaki na mapengo ya ajabu. Wanawake, kwa mfano, hawakuandikishwa mpaka sheria iliporekebishwa mwaka wa 1978. Bibi wa Majengo mwenye nyumba yake mwenyewe, aliyewapangisha wanaume miaka na miaka, na walikuwapo wengi wa namna hiyo, hakuwa na kitambulisho ilhali mpangaji wake anacho. Athari yake ingali nasi, kwa sababu mjukuu akiulizwa hati za nyanya yake aliyefariki kabla ya mwaka huo, hana cha kuonyesha, na si kwa kuwa nyanya alikuwa mgeni.

Tena wako wale ambao ushahidi wa vinywa vyao haukukubaliwa hata ulipokuwa mwingi. Mnamo Novemba 1989 Wasomali wa Kenya, wakiwemo wa hapa Eastleigh, waliamriwa waende wakachujwe upya, na aliyefaulu alipewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho, kana kwamba kitambulisho cha Msomali kilihitaji kitambulisho chake. Wanubi, ambao babu zao walipewa Kibra kwa sababu ya kulitumikia jeshi la kikoloni la King's African Rifles, walisimamishwa mbele ya kamati za kuwahoji miaka na miaka, na kijana wao alingoja muda mrefu kile ambacho jirani yake wa kabila jingine alikipata kwa majuma machache. Aprili 2014 ilikuja operesheni ya Usalama Watch, na watu wa Eastleigh wakajazwa katika uwanja wa Kasarani, baadhi yao wakiwa raia wenye hati zao mkononi. Wamakonde wa Kwale walilazimika kutembea kwa miguu kuja Nairobi mwaka wa 2016 ndipo wakatambuliwa, wakapewa vitambulisho mwaka uliofuata. Mwezi wa Februari 2025 Rais alitangaza kule Wajir kwamba ule mchujo wa ziada wa watu wa kaskazini ukome. Nasi twangoja kuona kama neno la Wajir litasikika hadi kwenye madawati ya Eastleigh.

Dawa ya haya yote, tuliambiwa, ni mashine. Mnamo Aprili na Mei 2019 tulipanga foleni nchi nzima kwa ajili ya Huduma Namba, namba moja ya kumtambulisha kila mtu, tukatoa picha na vidole na majina ya wazazi, na makarani walikuja hata chini ya miti ya Kaloleni na kwenye viwanja vya makanisa ya Umoja. Shirika la Nubian Rights Forum na wenzake wakaenda mahakamani, na tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema kwamba kazi hiyo isiendelee mpaka pawepo na sheria madhubuti ya kuzilinda habari za watu. Mwaka wa 2021 mahakama hiyo ikabatilisha utoaji wa kadi zenyewe. Na mwaka wa 2023 likaja jina jingine, Maisha Namba, lenye kadi ya chipu ya elektroniki, nalo likasimamishwa na mahakama na kuachiliwa, likasimamishwa tena na kuachiliwa tena. Mimi siipingi mashine. Nasema tu kwamba mashine huuliza, "Je, kidole hiki ni kile kile cha jana?" na hulijibu swali hilo vizuri kuliko binadamu yeyote, lakini swali la chifu, "Huyu ni mtoto wa nani?", mashine hailijui, na mtoto aliyekataliwa na chifu hafiki mbele ya mashine abadan. Wako raia wa kaskazini ambao wazazi wao, wakati wa njaa, waliwaandikisha utotoni katika kambi za wakimbizi ili wapate chakula, na leo wakiweka kidole, mashine kwa usahihi wake wote huwatangaza kuwa wakimbizi.

Basi ingefaa tufanyeje? Kwanza, ofisi zisome sheria zao. Palipoandikwa hati nne, karani asitake moja, na kama mwenye ofisi ana hofu ya mkaguzi, na abandike ukutani orodha ya hati anazozikubali, kwa Kiswahili, ili anayekataliwa ajue amekataliwa kwa kanuni gani. Pili, ushahidi wa kinywa, kwa kuwa hatuwezi kuukimbia, na ufanywe hadharani. Mwalimu mkuu aliyemfundisha kijana miaka minane kule Dandora anamjua kuliko mzee wa mtaa aliyemwona jana. Vivyo hivyo imamu, na padri, na muuguzi wa zahanati aliyemchanja. Maneno ya hao yaandikwe na kutiwa sahihi, na afisa akiyakataa, aandike sababu, ili mwenye kukataliwa apate cha kupeleka mbele. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 12, inasema kwamba raia ana haki ya kupata pasipoti na hati yoyote ya utambulisho ambayo dola huwapa raia wake. Imesema haki, haikusema hisani. Na kwa hiyo ile "chai" ambayo wengine huitoa ili muhuri ugongwe kabla ya saa sita ni malipo ya kununua kilicho chako.

Nikae kidogo juu ya majina, maana hapa twajiponza wenyewe. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Othieno, cha shule kimeandikwa Otieno. Fatuma wa hospitalini amekuwa Fatma shuleni na Fatima kwenye fomu. Huyu ametanguliza jina la baba na yule jina la ubatizo. Mawakili wa karibu na mahakama ya Makadara hupata sehemu ya riziki yao kwa kuandika hati za viapo za kusema kwamba Othieno na Otieno ni mtu mmoja, na hiyo ni halali yao, lakini fedha hizo zingebaki nyumbani lau mzazi angeisoma ile taarifa ya hospitali kabla ya kuondoka wadini. Mama asiye na ndoa naye asidanganywe kwamba mtoto wake hana budi kuandikwa bila baba: ile sehemu ya sheria ya vizazi na vifo iliyolizuia jina la baba mpaka baba mwenyewe aridhie ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka wa 2016. Na kizazi kiandikishwe ndani ya miezi 6, kwani baada ya hapo huhesabiwa kuwa kimechelewa, na kila mwaka unaopita huongeza maswali.

Kuhusu walinzi wa malangoni mwa majumba ya mjini, wanaokushika kitambulisho mpaka utakapotoka, neno langu ni fupi: mwambie aandike namba, akurudishie kadi. Hati ya dola si rehani ya kuingilia ghorofani, na ikipotea mikononi mwake ni wewe utakayelipa. Malipo ya kupata nyingine, yaliyokuwa shilingi 100, yalipandishwa mwaka wa 2024 hadi shilingi 1,000, ambazo kwa vibarua wengi wa Gikomba ni kazi ya siku nzima au zaidi.

Jambo la mwisho ni kwa vijana. Uchaguzi mkuu ujao, kwa mujibu wa Katiba, utakuwa Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027. Katika shughuli hiyo sheria haina orodha ndefu, wala hapana karani atakayeweza kukuhurumia: leseni haitapokewa, wala barua ya chifu, wala abstrakti ya polisi, wala kikaratasi cha kungojea, na hati utakayojiandikisha nayo, iwe kitambulisho au pasipoti, ndiyo utakayopaswa kuja nayo siku ya kura. Katika ofisi za usajili na vituo vya serikali vya Huduma zimo kadi zilizokwisha kutengenezwa zikakosa wa kuzichukua, kwa sababu wenyewe walihama mtaa, au walibadilisha namba ya simu, au walichoka kuulizia. Ikiwa uliomba na hukurudi, basi wiki hii pitia pale ulipoandikishwa, au Huduma ya Makadara au ya Eastleigh kama ndiko ulikoelekezwa, uwape namba iliyo kwenye kikaratasi chako, nao wakutafutie.